Ziwa Limejigeuza

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, ukungu mwembamba ulilala juu ya ziwa, na upepo ulivuma kidogo kutoka kaskazini magharibi.

Marlys, mwenye duka la chambo, alikuwa ameandika kwenye ubao wake: ZIWA LIMEJIGEUZA. SAMAKI WAKO KARIBU NA MATETE. Kila vuli maji ya juu yakipoa huzama, ya chini hupanda, na ziwa zima hunuka matope. Kaka yangu Reino aliposoma hayo alisugua mikono kama mtoto aliyeonyeshwa keki.

Mimi naogopa maji tangu utotoni. Nilikwenda naye kuvua kwa sababu binti yake, Sherrill, alinisihi: "Shangazi, ana miaka sabini na nne, na ukimzuia anatoroka. Basi angalau asiwe peke yake."

"Irja, umekaa kama uko msibani," Reino aliniambia tulipokuwa mbali na gati. "Achia hiyo boti, haikimbii."

"Vaa jaketi lako la kuokolea, kaka."

"Nimelikalia. Hiki kiti cha bati kina baridi ya kaburi. Wewe omba tu, mama mchungaji, mimi nivue."

Nikaomba kweli, kimya, macho wazi.

Samaki wa kwanza alikuwa mkubwa. Reino alisimama ili amchote kwa wavu wa mkono, mguu ukateleza kwenye majani yaliyolowa sakafuni mwa boti. Boti ikainama. Nilifumba macho, nikasikia maji yakipasuka. Nilipofumbua, kwenye kiti lilibaki jaketi tu.

Aliibuka akihema haraka haraka, hawezi hata kusema. Nikamshika ukosi, nikavuta. Hakuinuka hata kidogo. Suruali yake ya mpira, ile inayofika kifuani, ilikuwa imejaa maji, na Reino ni mzito hata akiwa mkavu. Kila nilipovuta, boti ililala ubavu na maji yakaingia miguuni pangu.

"Acha," alisema mwishowe. "Utaanguka na wewe."

"Siachi!"

"Basi washa injini."

"Siijui! Na pangaboi litakukata!"

Nilimsukumia lile jaketi alikumbatie. Nikapitisha kamba ya nanga chini ya makwapa yake, nikaifunga nyuma ya boti kwa fundo la viatu, maana silijui jingine. Kisha nikashika makasia. Matete ya upande wa duka yalionekana mbali mno. Nilipiga kasia vibaya, boti ikaenda upande, nikalia, nikapiga tena. Bwana, usimchukue hapa. Si leo, si mikononi mwangu.

Mwanzoni alinitukana, na matusi yale yalinipa moyo. Halafu akanyamaza. Midomo yake ilikuwa ya buluu.

"Irja," alisema taratibu, kama mtu aliyeshiba. "Mama ameshawasha sauna?"

Hapo ndipo hofu iliponishika zaidi kuliko alipoanguka. Mama, aliyekuwa akituwashia kile chumba cha kuoga kwa mvuke, tulimzika miaka mingi iliyopita.

"Ameshawasha," nilisema. "Anakungoja. Usilale, Reino! Atakasirika ukichelewa."

Nilimdanganya, na sikuona aibu mbele za Mungu.

Kasia likagonga matope. Niliruka majini, mimi, hadi kiunoni, nikamshika kichwa kisizame, nikapiga kelele ambazo sikujua ninazo. Marlys na mumewe Duane walikuja wakivunja matete. Walimkokota, wakamvua nguo zote, wakamfunika mablanketi ndani ya duka, karibu na jiko. Marlys akaita gari la wagonjwa.

Baada ya muda Reino akaanza kutetemeka, na Duane akasema hiyo ni dalili nzuri. Macho ya kaka yangu yakarudi.

"Msimwambie Sherrill," alinong'ona. "Yule samaki bado yuko pale pale."

"Mzee, wewe una wazimu," Marlys alimjibu.

Nilimtazama nikajua atarudi ziwani. Hakuna atakayemzuia.

"Marlys, Duane, nyinyi ni mashahidi wangu," nilisema. "Sherrill nitamwambia mimi mwenyewe, leo hii. Na wewe Reino, siku yoyote utakayoingia ziwani, nami nitakuwemo, nikiogopa hivi hivi. Naahidi mbele yao na mbele za Mungu."