Vizibo Vinne na Nusu

Chiriku alipewa jina hilo na shangazi yake, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Asubuhi hiyo ndiyo kabisa. Alikuwa amechutama nyuma ya nyumba na sare yake ya shule, kijiti mkononi, anachora hesabu kwenye vumbi huku akijisifu.

"Punguza kelele, unikumbushe daktari wa mifugo alivyosema," shangazi alimwambia. Alikuwa ameshika chupa ya dawa ya kupe, kaisogeza mbali na pua.

"Alisema nusu kizibo kwa ajili ya bomba lenyewe la kunyunyizia, maana ni kuukuu na maji hubaki chini. Halafu robo kizibo kwa kila lita ya maji. Na bomba letu linajaa lita sita."

"Haya, msomi wangu, inakuwa ngapi? Mimi na mambo ya nusu na robo tuligombana zamani, hatujapatana mpaka leo."

Chiriku akachora: nusu, jumlisha robo, mara sita. Nusu na robo ni robo tatu. Robo tatu mara sita... Akaruka juu.

"Vizibo vinne na nusu!"

"Mbona vingi hivyo?"

"Shangazi nawe! Hesabu ndiyo imesema, si mimi."

"Haya, profesa, shika njia. Jua likichangamka nitamwogesha."

Wa kuogeshwa alikuwa Kipaku, ng'ombe wao mmoja tu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso na mimba iliyokwisha kukomaa. Nyumba nzima ilikuwa ikimngojea azae. Maziwa yakirudi, wangekula vizuri tena na Chiriku angepata viatu. Kipaku akipotea, hakuna kingine.

Shuleni, mwalimu aliandika ubaoni: theluthi moja, jumlisha sudusi moja, zidisha kwa nne. Hata hajashusha mkono, Chiriku kashasimama.

"Mbili, Mwalimu!"

"Imetoka wapi hiyo mbili?"

"Theluthi na sudusi ni nusu. Nusu mara nne ni mbili."

Mwalimu akaligeukia darasa. "Jamani, magazijuto inasemaje?"

Darasa likaitika kwa mpigo, "Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa!"

"Mmesikia? Kuzidisha kunatangulia kujumlisha. Hii nne ina kazi na sudusi peke yake. Sudusi mara nne ni theluthi mbili. Theluthi moja yetu imekaa pembeni, inangoja zamu yake. Ikiingia, tunapata moja nzima. Chiriku kaiburuta theluthi ya watu, kaizidisha bila hatia."

Watoto wakaangua kicheko. Chiriku naye akacheka, akaketi, kisha akaacha kucheka ghafla.

Nusu ya bomba.

Bomba lilikuwa moja. Ile nusu ilikuwa ya bomba, iingie mara moja basi. Yeye kaichanganya na robo za maji, kaizidisha mara sita, kama vile nyumbani kwao kulikuwa na mabomba sita. Akahesabu upya kwa vidole chini ya dawati. Robo mara sita ni kizibo kimoja na nusu. Ongeza nusu ya bomba. Viwili. Vizibo viwili tu!

Akatazama dirishani, jua limekwisha kukaa juu ya mapaa.

"Mwalimu, naomba kwenda nyumbani."

"Kwa sababu umekosa hesabu moja?"

"Ng'ombe wetu atakufa, Mwalimu."

Safari hii hakucheka mtu. Mwalimu alimtazama uso, akamfungulia mlango.

Alikimbia roho mkononi. Kandambili moja ikachomoka, akaiacha. Labda jirani kaja kupiga soga na shangazi hajaanza. Labda sabuni imemwishia. Labda amesema vinne na nusu ni vingi, akatia kidogo. Kila labda ilimsukuma hatua chache, halafu ikamwishia miguuni.

Alipofika uani alilikuta bomba limening'inizwa kwenye uzio, kichwa chini, linachuruzika. Limekwisha kutumika, limekwisha kuoshwa.

Shangazi alikuwa anafuta mikono. "We! Umefukuzwa?"

Chiriku akampita mbio. Kipaku alikuwa amesimama bandani, mwili umelowa, ametulia. Wazo likamjia: pengine hakuna litakalotokea. Nikinyamaza, nani atajua? Ndipo akauona uzi wa mate ukishuka kutoka kinywani mwa Kipaku, mrefu, haukatiki. Ngozi ya bega ikaanza kutetemeka yenyewe.

"Mwoshe, Shangazi! Mwoshe! Hesabu yangu ilikuwa mbovu, dawa imezidi!"

Shangazi alinyakua ndoo na sabuni, akampigia daktari huku simu kaibana begani. Wakamwagia Kipaku maji, wakamsugua, wakamwagia tena. Chiriku alisugua huku analia, na chini ya kiganja chake mwili ule mkubwa ulitetemeka kama una homa. Mara magoti ya mbele yakakunjika. Kipaku akalala chini kwa kishindo.

Daktari alifika na pikipiki yake. Akamfunua jicho, akamshika taya.

"Mmetia kiasi gani?"

"Nilipima mimi," shangazi akadakia. "Mkono wangu ulizidisha."

"Ulizidisha kiasi gani, mama? Sindano niliyo nayo pia ni sumu ikizidi. Sitaki kubahatisha."

Kiasi sahihi shangazi hakukijua. Chiriku alitamani ardhi imfiche. Akasema, "Vinne na nusu. Ilitakiwa viwili."

"Una hakika?"

"Robo mara sita kwanza, ni kimoja na nusu. Halafu nusu ya bomba, mara moja tu. Viwili. Mimi nilijumlisha kwanza. Vilivyozidi ni viwili na nusu."

"Zaidi ya mara mbili," daktari alinong'ona. Hakumsifu wala hakumkaripia. Alivuta dawa kwenye sindano, akatazama mstari, akaongeza kidogo, akachoma. Kisha akaweka kiganja ubavuni mwa Kipaku, akapapasa taratibu.

"Ndama anapiga teke," alisema. "Mama yake bado sijui. Tungoje."

Wakangoja. Shangazi alimvuta Chiriku ubavuni pake. "Leo chiriku kawa bubu," alisema, lakini utani wenyewe ulikuwa unatetemeka.

Mate yakapungua kwanza. Halafu bega likatulia. Jua lilipoanza kuegemea upande wa pili, Kipaku alijikusanya, akainua nyuma, akayumba, akasimama kwa miguu yote.

"Mpe maji," daktari alisema.

Chiriku aliileta ndoo kwa mikono miwili, nusu ikimmwagikia miguuni. Kipaku akaingiza mdomo, akanywa. Chiriku hakuthubutu kuiachia ndoo mpaka alipousikia mdomo ukikwangua chini.