Viatu Vidogo vya Katani

Vile vipande viwili vya mwanzi, vya kumuulizia maiti, vilianguka vibaya tena. Mzee Nhia Cheng, aliyekuwa akimwimbia mama yangu wimbo wa njia, aliviokota polepole.

"Hataki kuendelea," alisema. "Kuna kijiji mmekiruka."

Kwetu maiti haachwi ajitafutie njia. Mwimbaji humrudisha kijiji kwa kijiji, kote alikowahi kuishi, mpaka nyumba aliyozaliwa, lilikozikwa kondo lake la nyuma. Kondo hilo ndilo nguo atakayovaa kwenda kwa mababu. Ruka kijiji kimoja tu, roho inabaki njiani. Niliogopa, jamani. Mama yangu, atangetange kama mbuzi aliyekosa zizi!

"Hakuna kingine," mjomba Wa Leng alikata. "Imba, mzee."

Uongo mtupu. Sisi ni Hmong Weupe, na mchana kutwa mama alisema lahaja yetu. Usingizini alisema kama Hmong Kijani wa kijiji cha Tham Lo: "Njoo ule, Mee, wali unapoa." Mimi siitwi Mee. Siku nilipomuuliza, alinifinya sikio. "Funika kombe, mwanangu."

"Ni Tham Lo," nilisema. "Lazima aliolewa huko kabla ya baba."

Mjomba alinigeukia. "We Blia! Unatuvua nguo mbele za watu?"

"Bora sisi tubaki uchi kuliko yeye abaki njiani."

Mzee akaiimba Tham Lo. Vipande vikaanguka vizuri, nyumba nzima ikashusha pumzi. Akaimba kijiji alichozaliwa mama. Vibaya. Akarudia. Vibaya. Upepo haukuwepo, lakini moshi wa jikoni ulikuwa umelala sakafuni, ukitambaa kuelekea kwa mama.

"Amefika Tham Lo na hatoki," mzee alinong'ona. "Ana nani huko?"

Mjomba alikaa chini, puu. "Binti yake, Mee. Nilimzika mimi, bila wimbo. Mabomu yalikuwa yanaanguka, mzee, ningefanyaje?"

Nilipiga magoti sikioni kwa mama, nikasema kwa Kihmong kile cha usingizini mwake: "Mshike mkono, mama. Mwende naye."

Vipande vikaanguka vizuri.

Mama alikuwa ameshavishwa viatu vya katani, vya kuvukia mlima wa viwavi ulio njiani kwenda kwa mababu. Mzee alivitazama, akauliza kama katani imebaki. Mjomba ndiye aliyeinuka kuitafuta.

Nilisuka palepale, machozi yakinichuruzika, jozi ya kuenea kiganjani. Mjomba aliichukua, akaipima kwa vidole, akanirudishia.

"Ongeza kidogo," alisema. "Alikuwa na miguu mipana."