Baba Mdogo wa Binti Yangu

Mimi ni fundi makochi, na niliuawa mchana kweupe nikiwa nimekaa sebuleni kwangu, mguu juu ya mguu, namsikiliza mgeni.

Kabla ya kufa nilikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alitaka kwenda kusoma ng'ambo. Huko huendi kwa kutaka. Kuna mtihani wao wa kuingilia vyuo, vifungu vya kusoma na hesabu, na saa inakukimbiza mpaka jasho linakutoka. Mazoezi tulifanyia karakanani, nyuma ya nyumba, kwa sababu mama yake na redio ni chanda na pete. Binti alikaa kwenye meza ya kukatia vitambaa, mimi nikashika simu ya kupimia muda. Nikisema "anza," naweka nyundo chini, nazima cherehani, na mteja akitokea namfukuza kwa mkono kama kuku. Wapo waliokasirika wakahama. Waende salama. Sikujua hata neno moja la kwenye yale makaratasi, lakini nilijua akiuma kalamu amekwama, na akikuna shingo anabahatisha.

"Ukibahatisha, bahatisha kama mtu aliyesoma," namwambia, naye anacheka. Miezi ile alinicheka sana, na mimi nilipenda kuchekwa.

Matokeo yalipotoka tukamwita mwalimu aliyekuwa akimwandaa. Vijana humwita Profesa, ingawa uprofesa wenyewe kaupata kwa kuvaa miwani. Akaja nyumbani, akazitazama alama, akakunja uso.

"Alama nzuri," akasema. "Lakini nzuri wanazo wengi. Kwa hizi mtapata nafasi, ufadhili hampati. Bila ufadhili ataenda kwa miguu?"

"Sasa tufanyeje, mwalimu?" mke wangu akauliza.

"Imebaki insha. Aeleze tabu aliyopitia. Wale watu wanasoma insha maelfu mpaka wanasinzia, wanataka kitu cha kuwatoa machozi. Haya, binti, umepitia nini wewe?"

Binti akafikiri, akafikiri. Nikaona aibu, kana kwamba kuna kitu cha lazima nilimnyima mtoto.

"Baba yupo?" Profesa akauliza. Mimi huyo hapo, namkodolea macho.

"Yupo," binti akajibu.

Profesa akashusha pumzi kama daktari mwenye habari mbaya. "Basi hapo ndipo penye shida."

Nikaangua kicheko. "Kama ni hivyo, niueni!"

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na wa kwangu haukuchelewa. Hakuna aliyecheka. Mke wangu alikuwa anatazama dari, binti anamtazama Profesa, na Profesa keshafungua ukurasa mpya.

"Ajali?" binti akauliza.

"Ajali zimechuja, kila mtu anazo. Ugonjwa wa muda mrefu ndio mtamu. Wewe unamuuguza mzee, huku unajiandaa na mtihani."

"Figo," mke wangu akasema, haraka mno kwa mtu ambaye hajawahi kuliwaza jambo hilo.

Nikafa kwa figo. Nilikubali mwenyewe, nilijiambia kifo cha karatasini hakichimbiwi kaburi. Insha ilipokamilika nikamwomba binti anisomee kwa lugha yetu. Akasema ni ndefu, na tena haitanifurahisha.

"Nieleze walau mwisho. Nilikata roho nikisema nini?"

"Ulisema nisome."

"Si ndiyo nakwambia kila siku, nikiwa hai?"

"Ukiwa hai halina uzito, baba."

Chuo kikaipenda insha. Wakataka kuzungumza naye kwa video, na familia iwepo. Mke wangu akavaa nguo nyeusi, Profesa akamfundisha kukaa kama mjane: mikono mapajani, macho chini, asijibu upesi. Mimi nikaamriwa nijifungie karakanani nisipige hata msumari.

"Marehemu hapigi nyundo," mke wangu akasema, na yeye na binti wakacheka mpaka wakaegemeana.

Nikakaa juu ya rundo la sponji, nimetulia kama nilivyoagizwa. Mara nikamsikia binti analia. Hakikuwa kilio cha kuigiza. Mwanangu namjua tangu hajaota meno, na kile kilikuwa kilio cha mtu aliyeumia. Nikasahau kwamba nimekufa. Niliruka fremu za makochi, nikapita jikoni mbio, nikatokea sebuleni na mkasi kiunoni.

"Mwanangu! Umepatwa na nini?"

Kwenye kompyuta kulikuwa na mama mmoja wa makamo, amepigwa na butwaa. Akauliza kitu. Binti, machozi bado yanamchuruzika, akamjibu bila hata kumeza mate. Kisha akanigeukia.

"Nimemwambia wewe ni baba yangu mdogo. Kaa. Anakupa pole kwa kufiwa na kaka yako."

"Mwambie nimeshapoa."

"Anauliza kaka yako alikuwa mwalimu wa namna gani."

"Mwalimu?"

"Wa fizikia," akasema polepole, huku akimtabasamia yule mama. "Mwalimu wa fizikia, baba mdogo. Jibu."

Kufa nilikuwa nimekubali, lakini sikujua kwamba hata huko kaburini hawakunizika mimi. Baadaye nilimbana Profesa, akaniapia kwa Mungu wake kwamba yeye alishauri fundi makochi, maana inatia huruma zaidi. Binti ndiye aliyekataa. Alisema kama kuandika ni kujitungia, basi atajitungia baba anayemtaka.

Pale kwenye kiti ningeweza kuwaharibia. Neno "baba" kwa lugha ya yule mama nalijua, ni fupi, na kifua changu cha kujigonga ninacho. Mke wangu akanifinya paja. Binti alikuwa ananitazama, na macho yake hayakuwa yananiomba. Yalikuwa yananionya.

"Mwambie alikuwa mkali," nikasema. "Na alimpenda mtoto wake kupita kiasi."

Maneno yangu yalikuwa mafupi. Tafsiri yake ikawa ndefu kama hotuba. Yule mama akavua miwani, akajifuta macho.

Ufadhili ukaja. Majirani wakatupongeza, nami nikapokea pongezi za ubaba kwa mara ya mwisho. Mke wangu alipokuwa anaikunja ile nguo nyeusi nikamtania, "Nimesikia na wewe ulimwaga machozi. Kumbe ungenililia hivyo?"

"Nilijaribu kukulilia wewe, yakakataa," akasema, wala hakuinua uso. "Nikamfikiria yule mwalimu wa fizikia. Yakaja yenyewe."

Siku ya safari wafadhili walituma mtu uwanja wa ndege kuwapiga picha wanafunzi na familia zao. Kwa hiyo nilienda kama baba mdogo, na kazi ya baba mdogo ikawa kubeba masanduku. Binti alimkumbatia mama yake wakapigwa picha. Mimi akanipa mkono, akaniambia nisisahau kumwangalia mama. Nilitaka kumvuta kifuani na nikashindwa, kwa kuwa yule mpiga picha alikuwa anatutazama, na kwa kuwa vidole vya binti vilishaanza kujitoa kwenye vyangu.

Alipofika huko na masomo yakaanza, akapiga simu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Uko na watu?"

"Hapana, niko chumbani peke yangu."

"Umefunga mlango?"

"Nimefunga."

"Basi niite baba."

"Nitakuja kujisahau mbele za watu," akasema.

"Watu gani hao wanaojua lugha yetu?"

"Niache tu nizoee."

Nikamwacha. Nikamuuliza kuhusu chakula, baridi, kitanda anacholalia. Alijibu yote kwa heshima, ile heshima ya mtoto mwema kwa mdogo wa baba yake. Nilipofikiri tumemaliza, sauti yake ikalegea.

"Leo nimemkumbuka sana baba."

Moyo ulinipiga paa! Nilisimama wima. "Nipo, mwanangu," nikasema. "Baba yako nipo hapa. Sema."

"Si wewe," akasema, na alikuwa analia kwelikweli. "Leo tumeanza somo la fizikia."

Mke wangu akanipokonya simu, akaiweka sikioni, akasikiliza kidogo.

"Pole, mama," akambembeleza. "Nyamaza, mwanangu. Mungu alimpenda zaidi."