Sala Zangu Zilipofika Jukwaani

Katika darasa letu la jioni la kuandika programu, mtu akikwama huinuka. Kompyuta zote sita ni kongwe. Ukifungua kivinjari cha mtandao zinaganda kabisa, kwa hiyo Mwalimu alikiacha kwenye moja tu, ile ya karibu na mlango. Ukipata kosa kwenye programu yako unalinakili kwenye karatasi, unapanga foleni mlangoni, unatafuta kwenye jukwaa la mtandaoni ambako waandishi wa programu husaidiana, unanakili jibu, unarudi kitini. Ukifika umeshasahau ulikuwa unauliza nini.

Mimi nina miaka hamsini na mitatu, na kwa ishirini na miwili kati ya hiyo nimekuwa opereta wa simu hospitalini. Kazi yangu ni kuunganisha watu. Foleni ile iliniuma. Nilimwomba Mungu wiki nzima, kisha nikaanza kuandika nyongeza ya kihariri, yaani ya ile programu tunayoandikia programu nyingine. Unachagua mistari iliyokushinda, unabonyeza kitufe kimoja, swali linakwenda jukwaani lenyewe na jibu linatokea pembeni mwa skrini. Huinuki.

Niliijaribu kwa mazoezi ya kitabuni mara kumi na mbili. Mara zote ilijibu.

Jioni ya mtihani Mwalimu, ambaye ni rika la mwanangu wa pili, alirudia sharti lake: ambaye kazi yake haitafanya kazi mbele yake kabla ya saa kumi na mbili na nusu atarudia hatua ya kwanza, mwaka mzima. Sikuogopa.

"Haya Mama, tuonyeshe. Ila tumia programu yako mwenyewe, siyo ya kitabuni."

Nikafungua ile ya kujumlisha saa za zamu zetu za hospitalini, iliyonikwamisha tangu Jumatatu. Nikachagua mistari, nikabonyeza. Pembeni mwa skrini pakaandikwa:

Hakuna matokeo.

Nikabonyeza tena. Hakuna matokeo.

"Mtandao umesinzia," alisema Fundi, mchomelea vyuma anayekaa kushoto kwangu.

Mwalimu akavuta kiti. "Hebu tuone kilichotumwa." Akafungua orodha ya maswali yaliyotoka, akasoma kwa sauti kabla hajajizuia: "Ee Bwana, mikono hii imezoea simu, iongoze. Nisiaibike mbele ya vijana hawa. Amina."

Darasa likaangua kicheko. Fundi alipiga meza. "Mama umewatumia wataalamu sala! Ndiyo maana wako kimya, wameinamisha vichwa!"

Nilicheka nami. Mstari ukianza na alama ya reli, yaani #, kompyuta huuruka. Ni nafasi ya mwandishi kujiwekea maelezo. Wenzangu huandika sehemu fulani inafanya nini. Mimi kila ninapokwama huandika sala. Mazoezi ya kitabuni hayakuwa na sala, na nyongeza yangu ilikuwa inabeba kila kitu ilichopewa.

"Zifute tu, Mama," Mwalimu alisema akitazama saa. "Itajibu sasa hivi."

"Nikifuta zangu, Mwalimu, maelezo ya Fundi atayafuta nani? Nipe hizo dakika ishirini zilizobaki."

"Zikiisha?"

"Zikiisha nitarudia mwaka. Lakini haziishi."

Nikafumba macho kidogo, nikaiona meza yangu ya simu. Mtu anapiga analia, anasimulia tangu mgonjwa alipoamka. Namsikiliza mpaka mwisho, na moyoni namwombea. Nikimpata daktari nasema: mtoto, homa kali, degedege. Sijawahi kumkataza mpigaji asilie, wala kumsomea daktari sala zangu.

Basi nikaandika hivyo hivyo: kabla swali halijatoka, kila mstari wenye alama ya reli mwanzoni ubaki hapa. Ilichukua mistari minne. Nilisahau kufunga mabano, nikayafunga. Nikabonyeza.

Jibu likatokea pembeni: nilikuwa najumlisha namba na maandishi, nigeuze maandishi yawe namba kwanza.

Mwalimu akanyoosha kidole kushoto kwangu. "Sasa kwa Fundi. Kazi yake hata mimi huwa inanishinda."

Tukaiweka nyongeza kwenye kompyuta ya Fundi. Akachagua ukurasa mzima, akabonyeza kwa kidole kimoja kama anagusa chuma cha moto. Jibu likaja: alama ya kunukuu haijafungwa, mstari wa tisa.

Fundi akasogea karibu na sikio langu. "Na matusi yangu je? Yale niliyoandika humo?"

"Hayajatoka nje."

"Mungu akuzidishie, Mama. Nilimtaja na Mwalimu."

"Nimesikia," alisema Mwalimu, akiandika kwenye daftari lake. Nilisoma kalamu ikitembea: hatua ya pili. "Jumatatu tunaiweka kwenye kompyuta zote."

Zilikuwa zimebaki dakika sita. Nikarudi kwenye kiti changu, na chini ya ile mistari minne nikaweka alama ya reli, nikaandika: Asante. Halafu nikachagua yote, nikabonyeza mara moja zaidi, nikafungua orodha ya maswali yaliyotoka ili nihakikishe.

Swali lilikuwa limekwenda. Asante haikuwemo.