Ikran Amemaliza Kusoma

Mwaka ule wa mvua ya El Nino, Garissa iligeuka kisiwa bila mtu yeyote kuulizwa. Barabara ya Nairobi ilikatika, Mto Tana ukaingia mashambani kisha ukaingia vyumbani, na malori yakazama kwenye matope wiki baada ya wiki. Kilichofika mjini kilifika kwa ndege: unga, dawa, miraa na barua.

Katika barua hizo ilikuwamo moja ya Ikran Bare. Chuo kikuu kilikuwa kimefanya mahafali yake kule Nairobi. Wenzake walivaa majoho, wakarusha kofia, wakapigwa picha wakiwa wameshika maua, na Ikran yuko Garissa amekaa kwenye jamvi anangoja maji yapungue. Miaka sita, jamani! Digrii ya miaka minne ilimla sita, kwa sababu kila mgomo ulipozuka na mawe yakarushwa, chuo kilifungwa na wanafunzi wakarudishwa makwao. Halafu siku yenyewe ya kuvaa joho, mto unamwambia subiri. Alilia siku ya kwanza. Siku ya pili akafungua sanduku lake la riwaya, akajinyoosha akaanza kusoma, na hapo ndipo alipojiponza.

Maana barua ya chuo iliandikwa kwa Kiingereza, na baba yake, mzee Bare, mfanyabiashara wa ng'ombe, hakukubali kusomewa na Ikran. "Mshtakiwa hasomi hukumu yake mwenyewe," alisema. Akaitia barua mfukoni mwa koti akaenda nayo ofisi ya wilaya, kwa karani Mutinda, Mkamba mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mutinda aliipitia mara mbili, akasimama, akampa mkono.

"Mzee, hongera. Binti yako amemaliza kusoma."

Sasa, mzee Bare alikuwa na imani yake kuhusu lugha. Kisomali kwake kilikuwa cha nyumbani, na nyumbani watu husema lolote. Kiswahili kilikuwa cha serikali. Jambo likishasemwa kwa Kiswahili na mtu aliyekaa nyuma ya meza, basi limekuwa. Kwa hiyo alipita soko zima la mifugo akilitangaza hivyohivyo, hata kwa watu alioongea nao Kisomali tangu utotoni: "Ikran amemaliza kusoma!" Akachagua mbuzi sita, akatangaza karamu Jumamosi, akarudi nyumbani akiita jina la bintiye tangu langoni.

Akamkuta anasoma.

Usicheke. Mtu ameambiwa mvua imekatika, anatoka nje analowa, atasema nini? Alisimama mlangoni akamtazama Ikran amelala kifudifudi, miguu inapunga hewani, anafungua ukurasa na kuchekacheka peke yake.

"Unafanya nini?"

"Nasoma, aabo."

"Si umemaliza?"

"Bado. Zimebaki kama kurasa themanini hivi."

Lahaula! Mzee Bare alishika kizingiti. Ikran alipogundua kosa lake aliruka akaanza kueleza: kusoma chuoni ni kitu kimoja na kusoma riwaya ni kitu kingine, hii ni starehe tu, kama yeye anavyokaa na wazee kunywa chai. Mzee hakukubali.

"Neno ni moja," alisema. "Karani alitumia neno moja."

Mambo yangeishia hapo kama si adeer Alio, mdogo wake mzee. Huyu aliwahi kuendesha gari la serikali miaka minane, na tangu hapo alikuwa mjuzi wa kila kitu kilichopigwa muhuri. Alisikiliza, akakohoa kikubwa, akasema, "Kaka, mimi nawajua hawa. Mwanafunzi akianguka, hupewa vitabu aende navyo nyumbani arudie." Basi. Kufikia alasiri mji mzima ulijua kwamba Ikran wa Bare ameanguka, kwamba anarudia, na kwamba mbuzi sita watachinjwa kwa ajili ya kuanguka kwake.

Mzee Bare alikaa na aibu yake kwa muda wa vikombe vitatu vya chai. Kisha akatoa uamuzi. Wali ukiisha, sahani hutolewa. Jumamosi, mbele ya wageni wote, sanduku la vitabu litatolewa nje na kukabidhiwa Nuh mwenye duka. Na Nuh, kwa kuwa malori yamekwama na mifuko ya karatasi imemwishia, atafungia sukari. Watu watajionea kwa macho yao kwamba kusoma kumekwisha.

"Na tutamtazama usoni," Alio akaongeza. "Akilia, hajamaliza."

Ikran alilitazama sanduku lake. Mlikuwa na riwaya arobaini na tatu sandukuni. Kila moja aliiokota kwenye lami ya Nairobi, kwa wachuuzi wanaopanga vitabu juu ya magunia baina ya viatu vya mtumba na sidiria za mtumba, na kila moja ilikuwa na jina la mtu asiyemjua kwenye ukurasa wa kwanza. Moja ilinuka dawa ya nondo. Nyingine ilikuwa ya upelelezi, na mwenyewe wa zamani, mtu asiye na haya, ameandika kwa kalamu nyekundu pale mwanzoni: *muuaji ni daktari.* Ikran alimlaani mtu huyo, akaisoma, na akashtuka vilevile alipofika kwa daktari. Chuo kilipofungwa na yeye kukwama bila la kufanya, vitabu hivyo ndivyo vilivyomlinda asipagawe. Sasa viende kubeba sukari robo kilo?

Alikimbilia kwa mama yake. Hooyo Sahara alikuwa jikoni, amejikunyata nyuma ya pipa la maji, na chini ya shungi lake kulikuwa kunatoka sauti: ti, ti, ti, tiii. Ikran alikuwa amekuja nyumbani na gemu ndogo ya mkononi, ile ya matofali yanayodondoka, aliyoifukua kwenye fungu la wanasesere waliokatika miguu. Mama aliipiga marufuku siku ya kwanza, akaitwaa ili isiharibu watoto wa jirani, na tangu hapo maharagwe yalikuwa yakiungua nyumba ile mara kwa mara.

"Hooyo, aabo anataka kutoa vitabu vyangu."

"Subiri, subiri, kuna refu linakuja… Wallahi limekwama!" Mama aliinua uso umejaa jasho. "Hii kitu mwisho wake uko wapi? Kila nikipanga linashuka lingine."

"Haina mwisho. Inaongeza mbio tu."

"Basi kwa nini mtu aicheze?"

"Wewe kwa nini unaicheza?"

Mama aliifuta gemu kwa pindo la shungi. "Kuhusu vitabu siwezi kumgeuza baba yako," alisema, na hapo alisema kwa upole. "Alio amemfanya aone haya mbele ya watu. Lakini nenda kwa Jawahir utafute joho. Ukisimama na joho, pengine ataona hana haja ya sanduku."

Ikran alilishika wazo hilo kwa mikono miwili. Jawahir aliuza mitumba sokoni, kwenye meza tatu zilizolemewa, na hakuna nguo duniani ambayo haikuwahi kupita pale. Ikran alijitosa. Na acha niseme ukweli, hata na huzuni yake alifurahi, kwa sababu kuchambua mitumba kuna utamu wake: mkono unazama hadi begani, unagusa sufu, unagusa hariri, unagusa kitu ambacho ni heri usijue ni nini. Alitoa koti la theluji. Alitoa suruali ya mtu mwenye mguu mmoja mnene. Kisha Jawahir akavuta kutoka chini kabisa ya belo joho refu la zambarau, lenye mikono mipana na ukosi mweupe, na kifuani limetariziwa msalaba wa uzi wa dhahabu.

"Jawahir! Huu ni msalaba."

"Msalaba wapi? Hiyo ni alama ya kujumlisha," alisema Jawahir bila kupepesa. "Ni joho la watu wa hesabu."

"Mimi nilisoma historia."

"Basi fumua ujumlishe na kwako."

Akafumua, jioni nzima, kwa sindano. Matundu yalibaki yakaonekana ukikaza macho, lakini nani angekaza macho kifuani mwa binti wa watu?

Jumamosi watu walijaa uani. Turubai lilifungwa, mikeka ikatandikwa, masinia ya wali yakasimama jikoni na ndizi zake pembeni yakingoja amri. Ikran alitoka na joho lake la zambarau, na akina mama wakapiga vigelegele ambavyo vilimpa moyo. Karani Mutinda, aliyealikwa kama shahidi wa serikali, alimwangalia, akavua miwani akaifuta, akavaa tena.

"Dada," alinong'ona, "hilo joho… sisi huwa tunaimba nalo Jumapili."

"Karani, wewe ndiye uliyeniingiza kwenye shimo hili. Keti unyamaze."

"Hilo ni la sauti ya pili," Mutinda alijisemea, akaketi.

Mzee Bare aliliona joho. Aliliona vizuri, akatabasamu hata, na Ikran akafikiri ameponea. Lakini sanduku lilikuwa limeshatolewa nje, Nuh alikuwa amekaa kando yake na mizani yake, na Alio alikuwa amejiweka mahali pa kuona uso wa msichana bila kuzuiwa. Mzee alisimama. Kwa kuwa walikuwapo karani, walimu wawili na koplo mmoja wa polisi, alizungumza Kiswahili.

"Wageni, karibu. Ikran nimebeleka chuo kikuu miaka sita. Barua imekuja kwa bosta. Leo amemaliza kusoma. Fitabu imekwisha kazi. Nuh, chukua."

Nuh alichukua cha juu kabisa. Akakifungua, akapapasa karatasi kwa dole gumba kama mtu anayepima kitambaa, kisha akachana ukurasa mmoja, kraaa, akausokota ukawa pembe, kuona kama utashika sukari. Ukashika.

Ikran alijua kinachotakiwa. Atulie tu. Atulie, ameze mate, na baba yake atatembea sokoni kichwa juu hadi siku ya kufa kwake, na yeye atakuwa msomi kamili mbele ya mji mzima. Wote walikuwa wakimtazama machoni kuona kama kuna unyevu. Alimpenda baba yake, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Nuh akanyoosha mkono kuchukua cha pili.

"Aabo," Ikran alisema, na akasema kwa Kiswahili, ili asije mtu akadai amesikia vibaya. "Sijamaliza kusoma."

Nuh akabaki na mkono juu ya sanduku.

"Chuo kimemaliza. Mimi sijamaliza. Hata mwakani sitakuwa nimemaliza. Inshallah nitakufa nimebakiza."

"Sikusema mimi?" Alio alipiga goti lake. "Sikusema?"

Mzee Bare alikuwa ameinamisha kichwa, na masikio yake yamebadilika rangi. Alimgeukia karani pole pole.

"Mutinda. Wewe umesema amemaliza."

Mutinda alisimama akiwa na miwani yake mkononi. "Mzee, nilitumia lugha rahisi. Barua yenyewe inasema… inasema amehitimu."

"Hitimu?"

"Ndiyo. Amehitimu."

"Hiyo neno naijua," alisema mzee Bare taratibu. "Hiyo ni ya Qur'ani. Mtoto akisoma yote mbaka mwisho, tunasema amehitimu."

"Ndilo hilohilo, mzee."

Mzee Bare alifikiri. Mtu angeweza kuona fikira zinavyopita usoni pake, moja baada ya nyingine. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Alio. Wewe umehitimu Qur'ani mara ngapi?"

"Mara tatu, alhamdulillahi," alisema Alio akitanua kifua.

"Na ukihitimu ulifunga msahafu?"

"Astaghfirullah! Mtu hurudi Alhamdu, sura ya kwanza, siku hiyohiyo."

"Kwa hiyo bado unasoma."

"Kila siku!"

"Miaka yote hiyo? Ulianguka?"

Koplo ndiye aliyeanza kucheka, akifuatiwa na walimu, na mwisho hata akina mama waliokuwa hawajui Kiswahili walicheka kwa kuona sura ya Alio. "Lakini riwaya si Qur'ani!" alipiga kelele Alio.

"Mimi sijasema ni Qur'ani. Mimi nimeuliza neno." Mzee Bare aliinua mkono, ua likatulia. "Sikia, watu. Binti yangu amehitimu. Kusoma hajamaliza. Lakini mbuzi imemaliza kabisa. Kula!"

Masinia yalitoka mbio. Nuh alijaribu kusema jambo kuhusu sukari, akapewa paja la mbuzi akasahau. Ikran alibaki amesimama na joho lake la sauti ya pili, machozi sasa yanamwagika wazi na hakuna aliyeyatazama, kwa sababu wali umefika.

Mzee Bare alichuchumaa kando ya sanduku. Aliokota ule ukurasa uliosokotwa, akaufungua, akaunyoosha juu ya goti lake kwa kiganja, mara ya kwanza, mara ya pili, hadi ukalala. Akautazama kwa muda. Yeye hakuwahi kufundishwa herufi hata moja ya namna ile.

"Hapa wanasema nini?" aliuliza, kwa Kisomali.

Ikran alikaa chini karibu naye akamsomea, akigeuza kila sentensi iwe Kisomali: mwanamume amesimama mlangoni kwa mtu aliyemkosea, anabisha, mvua inamnyeshea, na ndani anasikia mtu anakohoa lakini hafungui. Ukurasa ukaishia hapo.

"Na akafungua?"

"Hapa pameisha, aabo."

"Si kuna ukurasa mwingine?" alisema mzee Bare, akamsogezea sanduku.