Breka ya Birika

Bwege wa kisa hiki alikuwa rubani msaidizi wa ndege, wala hakuna haja ya kumtafuta mwingine. Kwao walimwita Kidole, kwa sababu tangu utotoni umeme ukikatika yeye ndiye aliyekimbilia ukutani kubonyeza breka, ile swichi inayojikata yenyewe waya ukizidiwa. Ilikubali kila mara, hata akaamini breka ni kama mtoto mdekaji: ukiibembeleza, hurudi.

Rubani mkuu alikuwa mke wa kaka yake. Ardhini walitaniana mpaka chakula kikapoa. Angani hapakuwa na shemeji, palikuwa na Kapteni.

Nusu saa baada ya kupaa, abiria thelathini na mmoja nyuma, mhudumu akachungulia. "Birika la chai limezimika."

Kidole akageuka, akaona breka ya birika imechomoza kwenye paneli, akaisukuma ndani. Hakuuliza. Dakika mbili baadaye, tak, ikaruka tena, safari hii na harufu ya plastiki inayoungua. Na kidole kilekile, bila haya, kikanyooka.

Kapteni akakigonga kwa penseli. "Mkono pajani."

"Kapteni, ni birika tu."

"Ndiyo maana. Huku juu tunarudisha kile tu ambacho bila hicho hatutui salama, tena mara moja, kikishapoa. Ndege haitui kwa chai. Vaa barakoa ya oksijeni, nisomee orodha ya hatua za dharura."

Sauti yake haikupanda hata ngazi moja. Alimwambia mhudumu azime umeme wote wa jikoni, apapase ukuta kwa mgongo wa mkono, kisha asimame pale na mtungi wa kuzimia moto. Jibu likaja: ukuta una joto, moshi hakuna. Kapteni akaomba uwanja wa karibu na kugeuza ndege taratibu, kama mtu anayempisha mgonjwa mlangoni. Kidole alisoma mstari kwa mstari. Kila alichotaja, mkono wa shemejiye ulikigusa mara moja tu, wala haukurudia. Na huko nyuma ya ukuta kulikuwa na waya ambao yeye mwenyewe ameulisha umeme dakika mbili nzima.

Walitua. Abiria wakashuka wakinung'unika kunyimwa chai na kuachwa njiani. Fundi akafungua ukuta: waya wa birika ulikuwa umesuguliwa na kibanio mpaka ukabaki uchi, mweusi tii, na nyaya za jirani ngozi zimeanza kututuka.

"Breka ingesukumwa tena, moto ungekula na hizi," fundi akasema.

Kidole akainama, akautazama ule waya. Lakini ardhi ilikuwa chini ya miguu, na ulimi ukarudi kazini.

"Shemeji, kosa nimelikubali. Ila breka ikikaa dakika mbili bila kuruka, si dalili kwamba ilishapona?"

Shemejiye alikuwa anaandika kwenye kitabu cha ndege, wala hakuinua kichwa.

"Mlinzi akugongee mlango kwamba mwizi yumo ndani, umrudishe kulala, halafu kwa zile dakika mbili za kimya useme mwizi katoka?"