Noti Iliyopigwa Pasi

Katika Jimbo zima la Nyanda za Juu Kusini, toka machimbo ya Chunya mpaka maduka ya Iringa, hakuwapo mtu aliyezijua noti za kale kama Eliezeri. Habari hizi alizitoa Eliezeri mwenyewe, tena kila alipopewa kiti.

Elimu yake ilitoka katika gazeti moja la Kizungu aliloliokota shuleni. Ukurasa wa kwanza ulisema kuna watu wanaotafuta noti zenye namba ndogo kama wengine watafutavyo dhahabu. Ukurasa wa pili, ulioeleza namna ya kuzitunza, ulikwisha fungiwa karanga.

Basi shangazi yake Tusajigwe, wa Uyole, alipotoa sandukuni noti ya Mjerumani ya rupia tano, aliyolipwa marehemu mumewe kwa kubeba mizigo ya vita, Eliezeri aliitazama namba akaruka.

"Ishirini na tatu! Shangazi, unajua maana yake?"

"Sijui, baba. Ninachojua hainunui chumvi."

Huko Iringa alikuwapo Mzee Mrisho, mwenye duka la vitambaa, mkusanyaji wa noti hizo. Eliezeri akamwandikia, na barua ya majibu ilikuja upesi: kama namba ni hiyo kweli, mama aje achukue cherehani mpya ya kukanyaga. Shangazi, ambaye magauni ya kwaya nzima aliyashona kwa mkono hadi vidole vikaota sugu, aliomba asomewe barua ile mara nne.

Tatizo noti ilikuwa imekunjamana na kujaa uchafu. Eliezeri alipata kuwa kiranja wa usafi bwenini. Kwake yeye mkunjo ni aibu ya ukoo. Siku ya safari, alfajiri, alijibanza nyuma ya jiko akaifua kwa sabuni, akaitia wanga wa muhogo, akaipiga pasi ya mkaa. Namba ilibaki. Sahihi mbili za Wajerumani, zilizotiwa kwa wino wa mkono, zilikwenda na povu. Akajifariji: wenyewe nao si walikwisha ondoka?

Dukani Iringa, Mzee Mrisho aliifunua cherehani kwanza, shangazi akalishika gurudumu lake kama anayeshika mkono wa mgeni. Kisha mzee akaipokea noti.

"Kijana, mbona inasimama yenyewe kama kola?"

"Karatasi ya Kijerumani hiyo, mzee. Imara."

"Na sahihi?"

"Wakati wa vita, mzee. Nani ana nafasi ya kutia sahihi?"

Mzee akaigeuza, akainusa. "Noti iliyofuliwa siichukui hata iwe namba moja. Ila kama marehemu alilipwa ikiwa hivi hivi, hilo ni jambo jingine, nitaipokea. Niambie kweli."

Eliezeri akaweka mkono kifuani. "Tangu marehemu aiweke sandukuni, mzee, haijaguswa na maji. Mimi ni mtu wa noti, nisingekubali."

"Ah, mwanangu, unyenyekevu gani huo!" Shangazi, ambaye kwa kuishangaa cherehani alisikia maneno hayo ya mwisho tu, alicheka, akamgeukia mwenye duka. "Usimsikilize, baba, anaona haya kujisifu. Leo alfajiri nimemwona dirishani kwa macho yangu haya. Kaifua, kaitia wanga, kaipiga pasi huku na huku. Hata kaptula yake hajapata kuifanyia hivyo. Sasa nisaidie, hii cherehani tutaifungaje juu ya basi?"